Paka, peremende na mwani: Kuna biashara gani kwa wasiogusa cha mnyama?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa korosho, ufuta au nazi anayeandikiana na wanunuzi wa Ulaya siku hizi hawezi kukwepa neno moja: vigani. Mnunuzi huuliza kama mzigo unafaa kwa vigani, na muuzaji asiyejua maana yake hujibu "ndiyo" ili oda isimponyoke. Jibu hilo la haraka limo katika hatari mbili. La kwanza ni kurudishiwa mzigo. La pili ni kuuza kwa bei ya kawaida kitu ambacho mwenzako anakiuza kwa bei nzuri zaidi kwa sababu tu amejua kukieleza.

Safu hii wiki hii inaliangalia soko hilo kwa macho ya mfanyabiashara wa kawaida. Tutaanzia mahali ambapo wengi hawapatarajii, yaani kwenye bakuli la paka, kisha tupite kwenye peremende, na tumalizie kwenye mazao yetu wenyewe.

Ni watu gani hawa?

Vigani si sawa na yule asiyekula nyama tu. Wapo Wahindu na Wajaini wa Dar es Salaam na Mombasa ambao hawajapata kuonja nyama maisha yao yote, lakini samli, mtindi na chai ya maziwa wanatumia kila siku. Vigani anakwenda mbele zaidi. Hali nyama wala samaki, hanywi maziwa, hali mayai, asali haigusi, na wengi wao hawavai ngozi wala sufu.

Jina lenyewe lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, pale Donald Watson na wenzake walipojitenga na chama cha wasiokula nyama na kuunda chao, Vegan Society. Chama hicho kina alama yake ya biashara, yenye picha ya alizeti, ambayo ilianza kutumika mwaka 1990. Mwenye kiwanda huiombea alama hiyo bidhaa moja moja na kuilipia.

Mwaka 2014 ilianza huko huko Uingereza kampeni iitwayo Veganuary, inayowahimiza watu waishi bila cha mnyama kwa mwezi mzima wa Januari. Kwa mfanyabiashara hilo ni jambo la kuandika kwenye kalenda. Maduka hujaza rafu mwishoni mwa Desemba, kwa hiyo mzigo unaofika Februari umekuta sherehe imekwisha.

Bakuli la paka

Vigani wengi wanafuga paka, na hapo ndipo penye mgogoro wa dhamiri. Mtu aliyeapa kutonunua nyama anajikuta kila wiki ananunua kopo la nyama kwa ajili ya mnyama wake. Baadhi wameamua kumlisha paka mimea, na viwanda vimejitokeza kuwauzia chakula hicho.

Msomaji anayefikiria kuingia katika biashara ya chakula cha wanyama lazima aelewe jambo moja kabla ya kutoa hata shilingi. Mbwa anaweza kuishi kwa vyakula vya aina nyingi. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake hauwezi kutengeneza kwa kiasi cha kutosha kitu kiitwacho taurini, ambacho kimo kwenye nyama na samaki na karibu hakimo kabisa kwenye mimea. Wala hawezi kuigeuza rangi ya karoti au ya mchicha kuwa vitamini A, jambo ambalo binadamu analiweza. Kuna pia mafuta fulani na vitamini B12 ambavyo sharti avipate tayari kutoka kwenye chakula.

Gharama ya kutojua hilo imekwisha kulipwa. Katika miaka ya 1970 iligundulika kwamba paka anayekosa taurini huharibika macho hadi kupofuka. Kisha mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba ukosefu huo huo unalegeza na kupanua moyo wa paka hadi kumwua. Paka hao hawakuwa wa mitaani. Walikuwa wanakula vyakula vya madukani vilivyodhaniwa vimekamilika, na vyenye nyama ndani. Viwanda viliongeza taurini, na ugonjwa ukapungua sana.

Viwango vinavyotumika Marekani leo vinataka angalau gramu 1 ya taurini kwa kila kilo ya chakula kikavu cha paka, na gramu 2 kwa chakula cha kopo, kilo hiyo ikihesabiwa baada ya kuondoa maji. Taurini inayotumika hutengenezwa viwandani bila mnyama, na sehemu kubwa yake hutoka China. Ndiyo maana chakula cha paka cha mimea kinawezekana kiwandani.

Lakini gramu moja haijengi biashara. Kazi ngumu ni kupima kila mkupuo, kuhakikisha vitamini A imo na haijazidi, na kujua kwamba chakula cha mimea kinaweza kuubadili mkojo wa paka ukajenga mawe. Dume likizibwa mkojo linaweza kufa kwa siku chache. Chama cha madaktari wa mifugo cha Uingereza mwaka 2024 kililegeza msimamo wake kuhusu mbwa kulishwa mimea, alimradi chakula kimekamilika. Kuhusu paka, chama hicho hakikulegeza.

Kwa hiyo ushauri wetu ni wa wazi. Asitokee mtu akachanganya unga wa soya na pumba nyuma ya nyumba, akaandika "chakula cha paka" na kuanza kuuza. Kwa wiki chache paka atakula na ataonekana mzima. Madhara ya macho na moyo huchukua miezi kujitokeza, na yakijitokeza huwa yamekwisha kuingia. Mteja aliyefiwa na paka hatarudi, na atawaambia wengine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 inamtaka mfugaji ampe mnyama wake chakula kinachomfaa, kwa hiyo hata mnunuzi wako anaweza kujikuta matatani.

Paka wa nyumba za Pwani naye aendelee na vichwa vyake vya dagaa. Ndani yake mna taurini ya bure.

Jambo la kufuatilia kwa mbali ni nyama inayokuzwa kwenye matangi kutokana na chembe hai, bila kuchinja. Uingereza iliruhusu nyama ya namna hiyo kwa chakula cha wanyama wa nyumbani mwaka 2024, na Februari 2025 vitafunwa vya mbwa vilivyochanganywa nayo viliuzwa London kwa mara ya kwanza. Ikiwa bei itashuka, mgogoro wa vigani na paka wake unaweza kumalizikia hapo, na vyakula vya mimea vya paka vikakosa wanunuzi. Anayetaka kuwekeza mtambo aliweke hilo kwenye hesabu.

Peremende zina nini ndani?

Tukiacha bakuli la paka, upande wa vitamu una nafasi zaidi kwa mtu wa kwetu. Vigani anapenda sukari kama mtu mwingine yeyote. Tatizo lake ni kwamba peremende nyingi za viwandani zina mnyama aliyejificha.

Zile laini zinazovutika kama mpira hutengenezwa kwa jelatini, ambayo huchemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe. Rangi nyekundu yenye namba E120 hutokana na wadudu waliokaushwa na kusagwa. Mng'aro wa juu ya peremende unaweza kuwa shelaki, namba E904, ambayo pia ni ya wadudu, au nta ya nyuki, namba E901. Chokoleti nyingi zina unga wa maziwa. Hata sukari nyeupe ina mushkeli: baadhi ya viwanda vya Marekani huichuja sukari ya miwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Msomaji Mwislamu ataona kwamba sehemu ya orodha hii anaifahamu tayari. Anayeepa jelatini ya nguruwe na vigani anayeepa jelatini yoyote wanaweza kununua pakiti moja. Mfanyabiashara anayetengeneza peremende kwa pektini ya matunda au kwa gundi ya mwani anawauzia wote wawili, na hilo linapanua soko bila kuongeza mtambo.

Sasa tuangalie sinia letu. Kashata ya nazi ni nazi, sukari na iliki. Kashata ya karanga ni karanga na sukari. Kitumbua ni mchele, tui, sukari, hamira na iliki. Ubuyu ni mbegu, sukari, rangi na viungo. Vyote hivi bibi zetu walivipika bila kusikia habari za vigani, na vinamfaa bila kubadilishwa chochote. Cha kuhakikisha kwenye ubuyu ni ile rangi tu.

Halua ya Zanzibar na ya Oman haimo, kwa sababu ya samli. Ukiibadili kwa mafuta ya mimea itafaa, ila ladha itatofautiana na mla halua wa zamani atakuambia. Visheti na kaimati hutegemea mpishi: wapo wanaotia samli au mtindi, wapo wanaotia tui. Mkate wa kumimina nao wapo wanaoutia ute wa yai. Usijibu kwa jina la kitu, jibu kwa kilichomo ndani ya sufuria.

Mwani: mali moja, masoko mawili

Kuna zao moja linaloingia kwenye kopo la paka na pia kwenye peremende ya vigani. Ni mwani.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani mkavu husafirishwa nje, huko hukamuliwa na kutoa gundi iitwayo karagini, namba E407. Gundi hiyo ndiyo inayogandisha mchuzi ndani ya makopo ya paka na mbwa, inayozuia maziwa ya mimea yasijitenge, na inayoweza kuchukua nafasi ya jelatini kwenye vitamu.

Mwani ni wa aina mbili, na tofauti yake ni ya pesa. Cottonii hutoa gundi ngumu, na ndiyo inayotafutwa zaidi na yenye bei ya juu. Spinosum hutoa gundi laini na bei yake ni ya chini. Bahati mbaya maji ya kina kifupi yamekuwa na joto, na tangu miaka ya 2000 mwanzoni cottonii imekuwa ikifa katika maeneo mengi ya Zanzibar. Mkulima amebaki na spinosum. Yaani soko limepanuka huko ng'ambo wakati mikononi mwa mama wa Paje imebaki ile aina ya bei ndogo.

Mtafiti Dk. Flower Msuya na wenzake walianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwaunganisha wakulima hao ili waongeze thamani hapa hapa. Wapo wanaotengeneza sabuni, unga wa mwani, juisi na jamu. Kuusaga mwani kuwa unga hakuhitaji kiwanda cha mabilioni. Kutoa karagini safi ndiko kunakohitaji mtambo mkubwa, maji mengi na dawa, na hapo mtaji mdogo hautoshi. Mwekezaji asichanganye mambo haya mawili anapoletewa mchanganuo wa biashara.

Bidhaa kwa bidhaa

Korosho: Vigani huzigeuza kuwa maziwa, krimu na kitu cha kupaka mkate badala ya jibini. Hapo mwonekano wa punje si kitu, kwa kuwa korosho inasagwa. Vipande vilivyovunjika, ambavyo mbanguaji huviuza kwa bei ya chini, vinafaa sawa na punje nzima. Mbanguaji mdogo amtafute mnunuzi wa vipande, awaachie wakubwa soko la punje nzima. Korosho ghafi ya Tanzania imezoea kwenda India na Vietnam, na tuliona Novemba 2018, wanunuzi walipogoma kupandisha bei, Serikali ikalazimika kutangaza kununua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo. Kila mlango wa ziada wa kuuzia ni kinga.

Ufuta: Hutengeneza tahini na halua ya ufuta ya Mashariki ya Kati, ambayo haina samli. Wanunuzi wa Ulaya wanakagua vimelea kwa ukali, hivyo mzigo uliokaushwa juu ya ardhi tupu ni hasara inayosubiri.

Nazi: Hapa kuna habari njema ya kisheria. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 14 Juni 2017 kwamba maneno kama maziwa, siagi na jibini yasitumike kwa bidhaa za mimea, hata ukiongeza maelezo. Lakini ipo orodha ya majina ya zamani yaliyosamehewa, na maziwa ya nazi yamo. Siagi ya karanga kwa jina lake la Kiingereza imo pia. Jibini ya korosho haimo. Anayechapisha lebo za kupeleka huko asome kwanza orodha hiyo, kwa kuwa lebo elfu kumi zilizokosewa hazirekebishwi kwa kalamu.

Kakao: Kyela ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Chokoleti chungu isiyo na maziwa inamfaa vigani. Ila bei ya kakao imekuwa kama bembea: ilipita dola 12,000 kwa tani katika soko la New York Desemba 2024, kisha ikaporomoka mwaka 2025. Asiyekuwa na akiba asifungie stoo kwa kukisia.

Unga wa ubuyu: Umoja wa Ulaya uliuruhusu kama chakula kipya mwaka 2008. Huuzwa kwa wapenda vinywaji vya afya, vigani wakiwemo.

Asali na nta: Zina masoko yake mazuri, lakini si hapa. Usizichanganye kwenye pakiti moja na kashata ukaiita ya vigani.

Wenye hisa walivyojifunza

Sasa neno kwa wawekezaji wadogo. Mei 2019 kampuni ya Beyond Meat ya Marekani, inayotengeneza nyama ya mimea, iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 25. Siku ya kwanza zilifunga kwenye dola 65.75. Julai mwaka huo zilipita dola 230. Magazeti yakaandika kwamba mwisho wa bucha umefika.

Haukufika. Mauzo ya kampuni yalikuwa kiasi cha dola milioni 464 mwaka 2021, na mwaka 2024 yakawa kiasi cha dola milioni 326. Oktoba 2025 hisa ilishuka chini ya dola moja. Aliyeweka dola 1,000 kwenye kilele cha Julai 2019 alibaki na thamani isiyofika dola 5. Hata yule wa mwanzo kabisa, aliyenunua kwa dola 25, dola 1,000 zake zilikuwa hazifiki 40.

Kampuni ya maziwa ya shayiri ya Sweden, Oatly, iliingia sokoni Mei 2021 kwa dola 17 kwa hisa, na nayo ikaporomoka vibaya.

Somo lake si kwamba vigani wametoweka. Wapo, na wanaendelea kununua. Somo ni kwamba wengi walionunua nyama ya mimea hawakuwa vigani; walikuwa watu wa kuonja. Walionja, wakaona bei iko juu ya nyama ya kweli, wakarudi buchani. Wenye hisa walikuwa wamelipa kana kwamba kila mwonjaji atakuwa mteja wa kudumu.

Mkulima wa ufuta hakupata hasara hiyo. Vigani akiacha kununua ufuta, Mjapani atasaga mafuta, Mwarabu atatengeneza tahini na mwokaji atanyunyizia mkate. Mali yenye wanunuzi wengi haifi kwa mtindo mmoja kupita.

Hesabu ya mtaji mdogo

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama anayetengeneza kashata na kutaka kuziingiza kwenye maduka makubwa na mahoteli ya watalii. Tuseme vipimo vya maabara, vifungashio na lebo vinamgharimu Sh 1,200,000, na kila pakiti inamwachia Sh 300 baada ya kutoa nazi, sukari, mkaa na usafiri. Atahitaji kuuza pakiti 4,000 ndipo arudishe fedha hiyo. Akiuza 50 kwa siku ni siku 80. Akiuza 10 kwa siku ni siku 400, na hapo neno "vigani" kwenye lebo halitamwokoa.

Kwa hiyo aanze na oda, ndipo afuate lebo. Azungumze na hoteli tatu au nne, apate kiasi wanachohitaji kwa wiki, halafu aende SIDO kwa mafunzo ya usindikaji na TBS kwa viwango. Tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula Tanzania Bara yako TBS.

Kuna jambo la mwisho ambalo halina hesabu. Kutokuwa na cha mnyama kwenye mapishi si sawa na kutokuwa na chembe ya maziwa kabisa. Sufuria iliyotoka kuchemsha halua ya samli, ikafutwa kwa kitambaa na kutiwa kashata, imebeba maziwa. Vigani ataudhika. Lakini mtoto mwenye mzio wa maziwa, ambaye mama yake ameona neno "vigani" akadhani ni salama, anaweza kufa. Tenga sufuria, tenga mwiko, na kama huwezi kutenga, andika kwenye lebo kwamba jiko lako linatumia maziwa.

Soko hili linauliza swali moja tu, kwenye bakuli la paka na kwenye pakiti ya kashata: ndani mna nini? Anayeweza kulijibu kwa maandishi, akiwa na karatasi ya maabara mkononi, ana bidhaa ya kuuza. Asiyeweza, afadhali aendelee kuuza kwa gunia kwa bei ya kila mtu mpaka atakapojiandaa.